Mto kutoa gesi kama gari, ni kweli au? Viputo vya darajani vimeniletea ubishi nyumbani

MtotoWaSabaki:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Sabaki kule karibu na Malindi ila riziki imenileta Nairobi, nachomelea mageti na madirisha upande wa Njiru. Kila asubuhi navuka mto Nairobi kwa miguu kwenda kibandani, na kila nikivuka nawaza kwamba maji haya haya ndio yanaingia Athi, yanashuka, yakikutana na Tsavo yanaitwa Galana, yakifika kwetu yanaitwa Sabaki na kuingia baharini. Yaani wakubwa wa huku wakivuta maji chooni sisi wa kule tunapokea, ila hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa kiangazi hiki maji yamepungua sana, tope jeusi limejitokeza pembeni, na pale katikati panapotulia kuna viputo vinatoka chini vinapanda juu, vinapasuka, vinatoka vingine, kama sufuria ya maharagwe kwenye moto mdogo. Nilikuwa najiambia ni kambare au vyura wanapumua huko chini. Juzi nimepita na binti yangu, yuko gredi ya nane, akaniambia baba ile ni gesi, mwalimu kasema mito inatoa gesi za kuongeza joto duniani kama vile gari. Nikamwambia wacha maneno, gari lina eksozi, mto una eksozi wapi? Mto kaumba Mungu, ulikuwepo kabla ya magari na joto halikuwepo. Tukabishana njia nzima, tumefika nyumbani bado tunabishana, mwisho mama yake akachoka akasema atakayeshindwa apike chapati Jumapili.

Naomba mwenye elimu anisaidie. Moja, vile viputo ni gesi gani. Pili, ni mito yote au huu mchafu tu. Tatu, na Sabaki yetu nayo imo? Msinijibu kwa kizungu kingi tafadhali, na kama binti yangu ameshinda niambieni polepole.

Kibuyu_cha_Chai:
Weka mpira hapo mkuu uvute mpaka jikoni, gesi imepanda bei 😂😂

Ticha_wa_Moro:
Mleta mada nimecheka kwa ile eksozi. Nafundisha kemia na biolojia hapa Morogoro, ngoja nijaribu kuweka sawa, nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Vile viputo kwa sehemu kubwa ni methani. Sio kambare. Inavyotokea ni hivi: mto unabeba mabaki, majani, kinyesi, vyakula, maji taka ya majumbani. Panapotulia vinazama vinakuwa tope. Vijidudu vinaanza kula yale mabaki na kwa kawaida vinatumia oksijeni, kama sisi tu, vinavuta oksijeni vinatoa hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Lakini ndani ya tope oksijeni haifiki, sentimita chache tu chini imeshaisha, hapo vinashika zamu vijidudu vingine ambavyo haviitaki kabisa oksijeni, na vyenyewe mwisho wa kazi vinatoa methani. Ndio kazi ile ile inayofanyika kwenye mtambo wa bayogesi wa mavi ya ng'ombe. Methani haipendi kuyeyuka kwenye maji, kwa hiyo inajikusanya ndani ya tope mpaka inakuwa puto, inachomoka. Na kiangazi unaviona zaidi kwa sababu maji ni machache hivyo uzito wa kulikandamiza tope umepungua, halafu maji yamepata moto na vijidudu vinachapa kazi zaidi.

Na hii sio habari mpya. Mwaka 1776 kule Italia Alessandro Volta, huyu huyu ambaye volti za umeme zimeitwa kwa jina lake, alikwenda kwenye majani ya pembeni mwa ziwa Maggiore akachokoa tope kwa fimbo, akakinga viputo kwa chupa iliyopinduliwa, akawasha, ikawaka. Ndio methani ilivyoanza kujulikana. Kwa hiyo wewe na binti yako mmesimama pale pale aliposimama Volta, ila yeye alikuwa na hewa safi zaidi.

Lakini mkuu viputo ndio sehemu ndogo unayoiona. Gesi nyingi ya mto haitoki kwa viputo, inatoka kimya kimya. Chukua soda. Kabla hujaifungua huoni kitu, gesi imo ndani imeyeyuka. Ukifungua inaanza kutoka, ukiitikisa inatoka yote kwa fujo. Maji ya mto karibu wote duniani, msafi kwa mchafu, yana hewa ukaa nyingi kuliko yanavyoweza kuishikilia yakiwa wazi, kwa hiyo saa zote inavuja kwenda juu. Hiyo hewa ukaa imetoka wapi? Nyingine ni mabaki yanayoozea ndani ya maji, lakini nyingi imetoka kwenye udongo wa pembeni: mizizi inapumua, vijidudu vya udongoni vinapumua, mvua inazama chini inaichukua, inatokea kwenye chemchemi na vijito ikiwa imejaa. Ndio maana vijito vidogo vya milimani, kwa kila mita moja ya eneo, mara nyingi hutoa zaidi kuliko mto mkubwa: viko karibu na udongo na vinaruka juu ya mawe, vinatikiswa kama soda.

Sasa hesabu. Makadirio ya mwaka 2013 yalisema vijito na mito ya dunia inatoa kaboni kama tani bilioni 1.8 kwa mwaka katika umbo la hewa ukaa. Na eneo la mito yote ukilijumlisha halifiki hata asilimia 1 ya nchi kavu, ni kama kilomita za mraba 773,000 tu, Tanzania yenyewe ni kubwa kuliko hapo. Methani ya mito, makadirio ya 2023, ni karibu tani milioni 28 kwa mwaka. Kwa hiyo binti yako hajatunga.

Nirudi baadaye, kengele imelia.

Msemakweli77:
Haya ndio yale yale. Wazungu wameunguza makaa ya mawe miaka 200, wameshiba, sasa wanatuambia mito yetu inachafua hewa. Kesho watakuja na mita waibandike kwenye Rufiji tulipie kodi ya kaboni. Ng'ombe wetu walishasema wanajamba sana, leo mto, kesho watasema bibi yako akipumua analeta joto. Mzee kaza hapo hapo, usipike chapati.

Kijana_wa_Bomet:
@Msemakweli77 hasira yako naielewa lakini hapa umepiga nje kidogo. Mimi sio msomi ila niliwahi kuwa kibarua wa watafiti kwenye vijito vya juu vya mto Mara, nikibeba masanduku ya barafu na kuwaonyesha njia, miezi mingi tu, kwa hiyo nitasema nilichoona kwa macho.

Kwanza wanavyopima. Ni vitu vya kawaida ungeshangaa. Kuna kitu kama beseni limepinduliwa, lina maboya pembeni, linaelea juu ya maji. Gesi inayotoka kwenye maji inanasa ndani ya beseni, kila baada ya dakika kadhaa unavuta hewa kwa sirinji unaingiza kwenye kichupa unaandika saa. Njia nyingine unajaza chupa maji ya mto bila kuacha hewa, unatoa maji kiasi kidogo unaingiza hewa mahali pake, unatikisa mpaka mkono unauma, gesi iliyokuwa kwenye maji inahamia kwenye ile hewa, unaivuta. Vichupa vinapelekwa maabara. Siku ya kwanza nilidhani ni wendawazimu, watu wazima wamekaa kando ya kijito wanatikisa chupa tupu.

Sasa Mara inaanzia msitu wa Mau, kuna mito miwili, Nyangores na Amala, ikikutana ndio Mara. Juu kabisa vijito vinatoka msituni, maji baridi, unaona mawe chini. Ukishuka unaingia mashamba ya chai, halafu mahindi na viazi mpaka ukingoni kabisa, watu wamelima mpaka mguu uko kwenye maji, ng'ombe wanashuka kunywa na wakinywa hapo hapo wanaacha mzigo wao na kuvuruga tope. Kuna gesi ya tatu ambayo ticha hajaigusa, inaitwa naitrasi oksaidi, hiyo inatokana na naitrojeni, yaani mbolea, samadi na mikojo. Utafiti wa hiyo sehemu ya juu ya Mara ulitoka 2019 na walichokuta ni kwamba kinachoamua naitrasi oksaidi sio ukubwa wa kijito, ni ardhi ya pembeni inatumikaje. Kijito cha msituni kiko chini, cha mashambani kiko juu. Maji yanatoka mlima mmoja na mvua ni moja lakini gesi ni tofauti. Na hiyo gesi kilo moja inapasha joto karibu mara 270 kushinda kilo moja ya hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100, na inakaa hewani zaidi ya miaka 100, kwa hiyo hata ikiwa kidogo sio ya kuchezea.

Halafu msidhani uchafu wote ni wa binadamu. Shuka chini mpaka mbugani. Upande wa Kenya pekee Mara ina viboko zaidi ya 4,000. Usiku wanapanda kula majani, mchana wanarudi kulala kwenye maji, na wakirudi wanaachia yote mtoni. Watafiti walipiga hesabu wakapata kama tani 36 za kinyesi kibichi kila siku. Tani 36! Kiangazi mabwawa yao chini yanakuwa uji mweusi, oksijeni hakuna, methani inajaa na zile gesi za kunuka. Mvua kubwa ikija inasukuma ule uji wote kwa mpigo na samaki wanakufa chini huko kwa kukosa hewa, unakuta wameelea matumbo juu, makorongo na mamba wanafanya karamu. Na hiyo ni asili kabisa, viboko walikuwepo kabla yetu. Kwa hiyo @MtotoWaSabaki pale ulipouliza kama ni mto mchafu tu ndio unatoa, hapana, na pale uliposema asili haitoi, pia hapana.

MtotoWaSabaki:
Aisee mbona nimeanza kusikia harufu ya unga wa chapati. Lakini ngoja kwanza sijakubali. Kama kiboko anatoa na msitu unatoa na chemchemi inatoa, si basi nilisema kweli kwamba ni mambo ya Mungu na yalikuwepo tangu zamani? Mbona dunia haikuungua zamani hizo? Na lile povu jeupe ni nini basi, kule Fourteen Falls niliwahi kwenda kuwasha umeme kwa mteja nikakuta povu limejaa kama mtu kamwaga omo gari zima. Na ile harufu, methani ndio inanuka vile?

Ticha_wa_Moro:
Nimerudi. Swali lako la kwanza ndilo lenye mada yenyewe mkuu, na hapo ndipo na @Msemakweli77 anapata haki yake kidogo.

Hewa ukaa inayotoka kwenye kijito cha msituni ni kaboni ya juzi. Mti umeivuta kutoka hewani mwaka jana au miaka kadhaa iliyopita, jani limeanguka, limeoza, limerudi hewani kupitia maji. Ni pesa inayozunguka ndani ya familia, baba anampa mama, mama anampa mtoto, jumla ya nyumba haiongezeki. Gari linafanya kitu kingine, linachoma kaboni iliyozikwa chini mamilioni ya miaka na kuiongeza kwenye mzunguko. Hiyo ni pesa mpya imechapishwa. Watu kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi wanatoa karibu tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akikwambia "mto ni sawa na gari" kwa upande wa hewa ukaa, amekosea, hapo una nusu chapati.

Lakini methani ni habari tofauti. Jani lile lile, kaboni ile ile ya juzi, likiozea mahali penye oksijeni linatoka hewa ukaa. Likiozea kwenye tope lisilo na oksijeni sehemu yake inatoka methani, ambayo kilo kwa kilo inapasha joto kama mara 28 kushinda hewa ukaa kwa miaka 100 na ukihesabu kwa miaka 20 tu inapita 80, maana inaishi hewani kama miaka 12 tu na kazi yake yote inaifanya hapo mwanzoni. Kwa hiyo ukichukua mto ukaumwagia maji taka mpaka oksijeni ikaisha, umebadilisha jiko. Kuni ni zile zile lakini moshi sio ule. Na hizo kuni zenyewe umeongeza. Methani na naitrasi oksaidi za mto unaopokea choo cha mji mzima sio mambo ya tangu zamani, mji haukuwepo tangu zamani.

@Msemakweli77 ndugu yangu, hata hizo hesabu ambazo nchi zinapeleka kwa mujibu wa mkataba wa tabianchi hazihesabu Rufiji kupumua. Zinahesabu maji taka yanayotiririshwa, naitrojeni ya mbolea inayochujwa shambani, na mabwawa yaliyojengwa na watu. Hakuna mita itakayobandikwa kwenye mto. Wewe unatetea mto na aliyeshtakiwa ni bomba la maji taka.

Povu: hilo sio methani. Ni hewa ya kawaida kabisa imefungwa kwenye sabuni, maji yakiporomoka yanachanganya hewa na mabaki ya sabuni ya kufulia ndio unapata hiyo omo yako. Ila maporomoko yana kazi yake nyingine usiyoiona, yanatikisa ile soda. Gesi iliyokuwa imeyeyuka inatoka kwa wingi pale pale. Ukitaka kujua mto una gesi kiasi gani usipime chini ya maporomoko, utakuta umeshatapika.

Harufu: methani haina harufu kabisa. Ile ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi, na ile inayochoma pua ni amonia. Pua yako inakamata hizo mbili tu na kusema gesi, lakini zile tatu zinazohusika na joto, zote hazinuki. Ndio maana hata mtu akisimama kando ya kijito kizuri cha mashambani hajui kama kinatoa kitu.

Jambo moja la kando ambalo mimi lilinifurahisha. Watafiti walikusanya vipimo vya usiku na mchana vya mito na vijito vya sehemu mbalimbali duniani wakakuta usiku hewa ukaa inatoka kwa wastani asilimia 27 zaidi. Mchana mwani ulio ndani ya maji unajitengenezea chakula na kuivuta, jua likizama kila kitu majini kinapumua tu hakuna anayevuta. Vipimo vingi vya zamani vilichukuliwa mchana, watu walikuwa na usingizi.

Mama_Kuku_Kasarani:
Nyinyi mnaongea sayansi na sisi tunaoishi karibu na hiyo mito tunajua inavyotokea. Hapa kwetu kuna ploti moja siitaji, kila ikifika usiku wa mvua wanafungulia shimo la choo linaingia kwenye mtaro, mtaro unaingia mtoni. Asubuhi wanaosha kwa dettol mlangoni eti usafi. Tumeripoti mpaka tumechoka. Hiyo methani yenu ianzie kuhesabiwa hapo.

Halafu wewe baba usimpeleke mtoto kuwasha hicho kiputo kama huyo Volta, naona mnavyoelekea.

Furaha_ya_Goma:
Jambo bandugu wote. Miye niko Goma, nasoma tu kimya lakini mkisema gesi ya majini siye huku tuko na la kusema.

Ziwa Kivu, chini kule, karibu mita 485 pale penye kina zaidi, gesi imelala haipandi. Kuna kama kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Haipandi kwa sababu maji ya chini ni mazito, yana chumvi, na uzito wa maji ya juu umeyakandamiza. Ni ile soda ya mwalimu lakini bado ina kifuniko. Wenzetu wa Rwanda wameweka bomba tangu mwaka 2016, wanavuta maji ya chini, yakipanda gesi inatoka yenyewe, wanachoma wanapata umeme, mtambo huo wa 2016 pekee kama megawati 26. Kwa hiyo @Kibuyu_cha_Chai hukuchekesha, mpira umeshawekwa, sema sio kwenye mto.

Mto hauwezi kuwa hivyo. Mto ni soda iliyomwagika, kila saa unavuja hauweki akiba, hakuna cha kuvuna na hakuna cha kulipuka. Hatari ni ya ziwa lenye kina linalokaa kimya. Ziwa Nyos kule Kamerun tarehe 21 Agosti 1986 ilitoa hewa ukaa usiku, watu karibu 1,700 wakafa na mifugo yao. Na siye huku kwenye mashimo ya mawe ya volkano kuna mazuku, ni hewa ukaa hiyo hiyo, inatoka ardhini, nzito, inakaa bondeni. Asubuhi bila upepo unaona mbuzi amelala hapo, ukiinama kumchukua na wewe unalala. Watoto tunawafunza mapema, mahali fulani hapachezewi. Kwa hiyo mukisema hewa ukaa siye hatufikirii joto la dunia kwanza, tunafikiria mbuzi.

MtotoWaSabaki:
Mazuku tena! Nimemsomea binti hiyo ya mbuzi amenyamaza kabisa, mara ya kwanza wiki hii.

Bado mtu hajanijibu la tatu. Sabaki je?

Kijana_wa_Bomet:
Sabaki imo tena vizuri sana. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2015 wa mito 12 ya Afrika kusini mwa Sahara, Kongo imo, Zambezi, Tana, na huo Athi-Galana-Sabaki wenu pia umo. Kabla ya hapo hesabu za dunia zilikuwa zinaisema Afrika kwa kukisia tu, wanachukua namba za Amazon na za Ulaya wanatubandika. Mito yote walioipima ilikuwa inavuja gesi.

Na wa kwenu wamewahi kuufuatilia peke yake, kutoka juu mpaka chini, mkazo ukiwa kwenye naitrojeni. Chini kidogo ya Nairobi maji yamejaa naitrojeni ya maji taka, na methani na naitrasi oksaidi ziko juu sana. Kiangazi maji yanakwenda polepole, vijidudu vinapata muda wa kuila hiyo naitrojeni njiani, kwa hiyo nyingi inaishia hewani kabla ya kufika pwani. Kwa maneno mengine kiangazi mto unawafanyia usafi nyinyi wa Malindi, lakini uchafu haujapotea, umebadilika tu kuwa hewa. Kuwa wa haki, sehemu kubwa inatoka ikiwa naitrojeni ya kawaida tu, hii ambayo hewa yetu ina asilimia 78, haina madhara. Ila vijidudu vikiwa na haraka au mambo yakiwa nusu nusu, sehemu inaishia njiani kama naitrasi oksaidi. Masika ni kinyume, maji yanapiga mbio, hakuna muda wa kula kitu, inasukumwa yote pamoja na ule udongo mwekundu mpaka baharini kwenu.

MtotoWaSabaki:
Hapo sasa umenigusa. Ule wekundu baharini nimekua nikiuona, mzee wangu alikuwa anasema "bara imekuja". Hakujua imekuja na nini.

Msemakweli77:
Sawa mmenifundisha, bomba ndilo mshtakiwa. Lakini chapati mzee usipike zote.

MtotoWaSabaki:
Leteni viti nimalize hadithi.

Jumapili asubuhi tumekwenda, mimi na binti, na @Mama_Kuku_Kasarani usinigombeze, tumevaa gambuti na glavu zangu za kazi na nimemkataza kugusa maji. Nimekata shingo ya mtungi wa lita 5 nikatengeneza faneli, nikaifunga kwenye mdomo wa chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji, nikaipindua ndani ya mto mdomo chini, nikachokoa tope kwa fimbo ndefu. Wakuu, ile kitu sio utani. Kila nikichokoa vinakuja kwa fungu, vinaingia kwenye chupa, maji yanashuka. Binti anashika saa. Dakika 10 chupa imebaki chini ya nusu ya maji. Wapita njia wamesimama darajani, mmoja akauliza tunatafuta nini, mwingine akamjibu kwa sauti eti huyu fundi amedondosha simu.

Sikuwasha. Mimi nafanya kazi na asetilini, gesi ya kuchomelea, kila siku, najua gesi usiyoijua kipimo chake kwenye plastiki haichezewi. Tumefunga kizibo chupa ikiwa bado ndani ya maji, tukaitoa. Ukiitazama huoni kitu, ni chupa yenye maji machafu kidogo na "hewa". Binti akasema baba ukiifungua hapa nyumbani tutakuwa tumetoa gesi joto, nikamwambia hata tusingeikinga ingetoka, akasema ndio lakini hiyo ingekuwa ya mto, hii ni ya kwetu. Sina jibu, ticha hilo nakuachia wewe.

Chapati nimepika kumi na mbili. Nusu ziliungua kwa hiyo ule uamuzi wa nusu chapati umetekelezwa.

Aprili tunashuka nyumbani na amesema lazima tubebe chupa nyingine tukapime Sabaki.

Kijana_wa_Bomet:
Aprili mtakuta masika, maji mengi na mekundu, viputo hamtaviona. Fanyeni ile ya kujaza chupa na kutikisa. Na fimbo iwe ndefu zaidi ya hiyo ya Njiru.

MtotoWaSabaki:
Hilo usinifundishe, mamba wa Sabaki nimekua nao. Atatikisa chupa akiwa juu ya daraja.